Mkopo wa simu ukikutesa: jinsi ya kujua mlango wa kubisha, wa sheria au wa mamlaka

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kisauni, Mombasa. Tuko 32. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni nakaanga viazi karai, na katikati ya hapo watu huniletea simu zao niwasomee ujumbe waliotumiwa na kampuni za mikopo. Swali huwa ni lilelile: "Dada, kwani hawa hawana sheria?" Jibu lake si la neno moja, na asiyelijua humaliza nauli akizunguka ofisi zisizomhusu. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kampuni zibanwe vipi: kwa sheria iliyoandikwa wazi, au kwa ofisi iliyopewa kazi ya kuzisimamia.

Nilianza kujifunza mwaka wa 2019. Mwenzetu mmoja anayeuza samaki wa kukaanga alikopa shilingi 3,000 kwa programu ya simu, biashara ikamwendea vibaya, siku ya kulipa ikapita. Siku ya tatu baba mkwe wake kule Kwale alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa mke wa mwanawe ni mwizi. Kesho yake akapigiwa mwalimu wa madrasa wa mtoto wake. Kisha mimi. Aliyewahi kuolewa katika ukoo wa watu anaelewa lile la baba mkwe peke yake lina uzito gani. Yule mama hakwenda Kwale mwaka mzima.

Nilifuatana naye hadi ofisi moja ya serikali mjini. Afisa alitusikiliza vizuri, akatueleza kuwa kampuni ile haipokei amana za watu, kwa hivyo si benki, kwa hivyo haiko chini yao. Tukaenda ofisi ya pili. Huko tukaambiwa hayo ni mambo ya mikopo, turudi kule tulikotoka. Hakuna aliyetudanganya. Wakati ule kampuni za kukopesha kwa simu zisizopokea amana hazikuwa chini ya mdhibiti yeyote wa fedha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa bado haijaanza kutumika. Ilianza Novemba 25 mwaka huohuo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Sheria za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa Kiingereza, na mpwa wangu hunisaidia panapokuwa pagumu. Nilikofikia ni hapa: mpaka ambao kampuni haipaswi kuuvuka kamwe uandikwe ndani ya sheria ya Bunge, kwa maneno ambayo muuza samaki anaweza kuyapima mwenyewe; kinachobadilika kila mwezi, au kinachohitaji maabara na wataalamu, kiachiwe mamlaka, lakini mamlaka hiyo iwekewe siku za kumaliza kazi. Vikibadilishana kazi, anayeumia ni mkopaji. Hatua zifuatazo zitakuonyesha jinsi ya kupima mambo hayo kwenye shida yako mwenyewe.

Andika walilofanya kabla ya kuuliza ni nani

Chukua daftari. Usiandike "wamenionea". Andika kitendo kimoja kwa mstari mmoja, tarehe yake na saa yake. "Walimpigia shemeji yangu, tarehe 4, saa nne asubuhi, wakamtajia deni langu." "Waliniongezea 600 ambazo hazikuwa kwenye masharti." "Wameniweka CRB, yaani ofisi ya rekodi za mikopo, kwa deni la 700." Kila mstari una mlango wake. Ukiviandika vyote kwa pamoja kama lalamiko moja refu, ofisi itachukua lile inaloliona si lake na kukurudishia barua nzima.

Piga picha za ujumbe kabla haujafutwa. Mwombe aliyepigiwa simu aandike kwa mkono wake alichoambiwa, na nambari iliyompigia. Hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu shemeji huwa ana hasira au aibu na hataki kulizungumza tena. Mwendee mwenyewe, au mtume mtu mzima anayeheshimiwa katika familia. Sisi tulimtuma shangazi.

Halafu hakikisha unajua anayekukopesha ni nani hasa. Programu ina jina lake, na kampuni iliyo nyuma yake ina jina jingine, nalo limo kwenye masharti uliyoyakubali bila kuyasoma. Mikopo mingine ya simu ni ya benki kabisa: M-Shwari ni ya NCBA, KCB M-Pesa ni ya KCB. Mingine ni ya kampuni zisizo benki. Tofauti hiyo itabadilisha karibu kila kitu hapa chini, kwa hivyo usiruke.

Tafuta karatasi inayokulinda

Kuna karatasi za aina tatu, na uzito wake si sawa.

Ya kwanza ni sheria iliyopitishwa na Bunge, na juu yake Katiba. Hii kampuni haiwezi kuigeuza, wala mkurugenzi wa mamlaka hawezi. Faragha yako imo kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, haki zako kama mteja kwenye Kifungu cha 46. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Kwamba mkopeshaji wa simu lazima awe na leseni, hilo limo kwenye Sheria ya Benki Kuu, kwa marekebisho ya Desemba 2021.

Ya pili ni kanuni. Bunge husema "Benki Kuu itatunga kanuni", na Benki Kuu huzitunga. Kanuni za Watoaji Mikopo ya Kidijitali zilichapishwa Machi 18, 2022. Humo ndimo ilimoandikwa kwamba mkopeshaji haruhusiwi kukutisha, kukutukana, kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako bila idhini, wala kukudhalilisha ili ulipe. Humo pia ndimo mna katazo la kukupeleka kwenye ofisi za rekodi za mikopo kwa deni lisilozidi shilingi 1,000. Kanuni ina nguvu ya sheria, ila inaweza kubadilishwa bila Bunge zima kupiga kura, na ina udhaifu unaofaa kuujua: Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kila kanuni iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu ichapishwe, isipowasilishwa inakufa. Sheria hiyohiyo inaipa kanuni umri wa miaka kumi. Siku moja kinga yako inaweza kuwa imeisha muda wake kama dawa iliyosahaulika kabatini.

Ya tatu ni uamuzi wa ofisi: leseni na masharti yake, idhini ya bei, barua ya onyo. Hapa ndipo mtu wa kawaida hupotelea, kwa sababu haoni kilichoandikwa. Riba na ada za mkopeshaji wa simu aliyepewa leseni ziko hapa. Kampuni hupeleka namna inavyopanga bei zake, Benki Kuu inaidhinisha au inakataa. Hakuna tarakimu kwenye sheria ambayo mimi naweza kuifungua nikasema, hii hapa, wamezidi.

Ukiwa unasoma, tafuta maneno mawili ya Kiingereza: shall na may. Palipo na shall, mtu analazimika. Palipo na may, ana hiari. Mpwa wangu huyazungushia duara, shall kwa kalamu nyekundu na may kwa ya buluu. Ukurasa ukijaa buluu, jua kwamba mambo yako yako mikononi mwa afisa, na barua yako iandikwe kwa namna ya kumshawishi. Ukijaa nyekundu, andika kwa namna ya kudai.

Ipime kwa daftari la chama

Mimi nina kipimo kimoja. Je, mkopaji akiwa na karatasi zake za mkopo na kalamu, bila kumuuliza wakili wala afisa, anaweza kujua kama amevukiwa mpaka? Akiweza, sheria ni wazi. Asipoweza, hata ikiandikwa kwa lugha nzuri namna gani, hiyo bado ni ahadi tu.

Kuna sheria moja inayopita kipimo hiki, na naipenda kuliko zote. Ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007. Mawakili huiita in duplum. Inasema mkopo wako ukishakuwa mbovu, benki haiwezi kukudai riba inayozidi mtaji, yaani pesa yenyewe uliyokopa, uliokuwa umebaki siku ile; gharama za kufuatilia deni ni kando. Hesabu yake ni ya dukani. Ulikopa 20,000, ukalipa 8,000 za mtaji, ukakwama zikiwa zimebaki 12,000. Riba inaweza kupanda hadi 12,000, hapo inasimama. Mtaji na riba pamoja ni 24,000, na gharama za ufuatiliaji juu yake. Wakikuletea 51,000, una haki ya kuwataka wakuonyeshe hesabu mstari kwa mstari.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa humo ndani. Bunge limeweka mpaka: riba isizidi mtaji. Lakini ni siku gani hasa mkopo unakuwa "mbovu"? Hilo kifungu kimeliachia miongozo iliyopo ya Benki Kuu, ambayo huhesabu siku 90 za kuchelewa. Mpaka ni wa Bunge, kalenda ni ya mamlaka. Mamlaka inaweza kuirekebisha kalenda hali ya uchumi ikibadilika, lakini haiwezi kuusogeza mpaka. Mtu akiniuliza mfano wa sheria na mamlaka kuishi nyumba moja bila ugomvi, namwonyesha hiki.

Sasa sikiliza ya pili, kwa sababu wengi wetu tuliishangilia na mimi nikiwemo. Agosti 2016 Rais alitia sahihi sheria ya kuweka kikomo cha riba za benki: isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Ilianza kazi Septemba 14. Tarakimu iko wazi, kila mtu anaielewa, nikadhani shida zetu zimekwisha. Yaliyofuata ni haya. Benki ziliona kukopesha muuza samaki kwa asilimia 14, yaani kiwango cha msingi cha 10 na ile 4 juu yake, hakulipi, ilhali serikali yenyewe inakopa kwa hati zake na haikosi kulipa. Zikawageukia serikali na wateja wakubwa. Mikopo ya watu wadogo ikabana. Na watu wadogo hawakuacha kuhitaji pesa: karo haisubiri, wala mgonjwa hasubiri. Wakaenda kwenye programu za simu, ambazo sheria ile haikuzigusa kwa kuwa hazikuwa benki. Mkopo wa 1,000 kwa siku 30 na ada ya 150 ni asilimia 15 kwa mwezi. Ukikopa hivyo mwezi baada ya mwezi, mwaka unakuta umelipa asilimia 180. Sheria iliyozuia benki kuzidi 14 haikuwa na neno juu ya 180.

Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliona kifungu kile kinapingana na Katiba, na sababu yao inafaa kukumbukwa na kila anayesema "tunataka sheria wazi". Waliona maneno yake hayakueleweka: ni kiwango gani hasa cha Benki Kuu kinachotajwa, na "mkopo" unajumuisha nini. Tarakimu 4 ilikuwa wazi, lakini kitu kilichohesabiwa hakikuwa wazi. Novemba mwaka huo Bunge likakiondoa.

Kwa hivyo unapopima sheria, uliza maswali mawili zaidi ya lile la daftari. Tarakimu hii inahesabu nini, na je, hicho kimefafanuliwa ndani ya sheria yenyewe? Na je, inamshika kila anayefanya biashara hiyo, au inawashika wale tu wenye jina fulani mlangoni? In duplum na kikomo cha riba viliandikwa katika sheria ileile, Sheria ya Benki. Ya kwanza inadumu kwa sababu ni uwiano unaobaki vilevile mkopo uwe wa 2007 au wa leo. Ya pili ilifunga bei ya kitu ambacho bei yake haitulii.

Jua kazi ambayo Bunge haliiwezi

Hapa nitapita haraka. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, kuanzia kesho yake hadi tarehe 14 inayofuata. Bei hufuata meli iliyoshusha mafuta hapa Mombasa na thamani ya dola wakati huo. Wabunge hawawezi kukaa kila mwezi kupiga kura juu ya hilo. Vilevile unga wa mahindi: kiwango cha sumukuvu kisizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mpaka huo hauna maana bila mtu wa kwenda na mfuko maabara. Kazi ya namna hii ni ya mamlaka na iwe ya mamlaka.

Leseni nayo ni hivyo. Septemba 2022, muda wa kuomba ulipokwisha, Benki Kuu ilikuwa imepokea maombi 288 ya wakopeshaji wa simu, na ikatangaza imetoa leseni 10. Wapo waliokasirika kwa uchache huo. Mimi sikukasirika, kwa sababu kupekua mmiliki ni nani, pesa zake zimetoka wapi na masharti yake yanasemaje ni kazi ya siku nyingi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba Bunge, liliporekebisha sheria Desemba 2021, liliipa Benki Kuu miezi mitatu kuchapisha kanuni, na kanuni zikatoka kabla ya miezi hiyo kwisha. Mamlaka iliyopewa saa ya kutazama hufanya kazi. Isiyopewa, unaweza kuzeeka ukiisubiri.

Bisha mlango

Chukua mstari wako wa kwanza kwenye daftari, uupeleke unakostahili.

Wamewapigia ndugu zako au kusambaza picha yako: nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuwasilisha kwa fomu ya mtandaoni, kwa barua, hata kwa mdomo. Taja kampuni kwa jina lake la kweli, siyo jina la programu peke yake. Kumbuka kwamba aliyepigiwa simu naye ni mlalamishi kwa haki yake, maana ni data yake iliyochukuliwa kutoka kwenye simu yako bila yeye kuulizwa. Mwambie naye apeleke lake. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na hizo siku 90 zimeandikwa ndani ya sheria yenyewe, kwa shall. Hesabu tangu siku uliyopokelewa, uzungushie duara kwenye kalenda. Kifungu cha 65 kinakupa pia haki ya fidia ukiwa umeumia, kwa hivyo iombe kwenye barua yako. Usipoiomba, usitegemee kwamba mtu atakukumbukia.

Mlango huu hufunguka. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni yenye programu mbili za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwa wengine na kuwatumia vitisho. Nilipoisikia habari ile niliweka karai chini nikampigia yule mwenzetu wa samaki.

Hata hivyo kuna jambo katika sheria hiyo linaloniuma. Faini ya juu ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka wa kampuni, chochote kilicho kidogo. Kilicho kidogo! Kampuni ikiwa na mapato ya bilioni 10 kwa mwaka, asilimia 1 ni milioni 100, lakini itatozwa isiyozidi 5. Hii ni sheria iliyo wazi kabisa, inapita kipimo cha daftari bila shida, na bado imemwegemea mwenye nguvu. Ukiambiwa sheria fulani ni wazi, endelea kuuliza imewekwa wazi kwa faida ya nani.

Kampuni haina leseni: Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Itafute kampuni kwa jina la usajili. Haimo? Iandikie Benki Kuu, na uambatishe picha ya programu na ujumbe wa malipo. Kukopesha kwa simu bila leseni ni kosa la jinai, kwa hivyo hapa unaripoti kosa, wala huombi huruma. Lakini usiache kulipa mtaji uliokopa ukidhani deni limefutika. Nimeona mtu aliyefanya hivyo akaingia kwenye shida kubwa zaidi.

Wamekuweka CRB kwa kosa: kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa ofisi ya rekodi za mikopo. Ichukue kwanza, uone nani ameandika nini, kisha upinge mstari ule kwa maandishi kwenye ofisi ileile, nakala kwa mkopeshaji.

Wamekula pesa yako: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya pesa hadi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Peleka hesabu iliyoandikwa safi kwenye ukurasa mmoja. Hapo ndipo sheria yenye tarakimu inapokuokoa, kwa kuwa hakimu hahitaji kuisubiri mamlaka iamue kama riba ile ilikuwa "ya haki". Anahesabu tu.

Na mamlaka ikikaa kimya? Kifungu cha 47 cha Katiba, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki ya Utawala ya 2015, vinakupa haki ya kupata sababu kwa maandishi pale uamuzi unapokuumiza. Andika barua fupi ukitaja kifungu hicho na uombe sababu. Wakiendelea kunyamaza, nenda Ofisi ya Malalamishi, ile yenye kaulimbiu ya "Hata mnyonge ana haki". Kesi ya pili tuliyoishughulikia, ya kijana wa kuendesha tuktuk hapa mtaani, ilikaa kimya mahali fulani hadi tulipoandika barua ya kuomba sababu. Alijibiwa ndani ya majuma mawili.

Neno kuhusu simu yenyewe. Tangu mwisho wa Mei 2023 duka la programu la Google halikubali programu za mikopo zinazosoma orodha ya nambari zako wala picha zako. Ni jambo jema, limewaokoa wengi. Lakini hiyo ni kanuni ya kampuni, imewekwa na kampuni na inaweza kuondolewa na kampuni, na wapo wanaotuma kiungo cha kupakua programu nje ya duka hilo. Ukitumiwa kiungo kama hicho, usikibonyeze.

Wakiomba maoni, yatoe kwa tarakimu

Kila mara sheria au kanuni mpya inapotayarishwa, tangazo hutoka magazetini na mtandaoni likiwaalika wananchi watoe maoni. Muda huwa mfupi. Kampuni hupeleka mawakili na kurasa 40. Sisi hupeleka "tunaumia". Maneno hayo ni ya kweli lakini mwenye kuandika sheria hawezi kuyabandika popote.

Andika hivi badala yake. Taja kifungu kwa nambari yake. Nukuu maneno yaliyopo. Andika maneno unayotaka yawe badala yake. Toa kisa kimoja kilichotokea, bila jina la mtu. Ukurasa mmoja unatosha.

Chama chetu kilipokaa kuandika maoni yake kuhusu mikopo, tulibishana jioni tatu. Wengine walitaka riba ifungwe tena kwa tarakimu. Nikawakumbusha ya 2016. Mwishowe tuliandika mambo manne. Kwamba katazo la kuwapigia simu jamaa za mkopaji litoke kwenye kanuni liingie kwenye sheria ya Bunge, kwa sababu hakuna mwaka ambao jambo hilo litakuwa halali. Kwamba in duplum iandikwe kwenye sheria moja inayomshika kila anayekopesha kwa biashara, awe benki au asiwe, ili mkopaji asilazimike kuuliza kwanza mkopeshaji ni wa aina gani. Kwamba kwenye faini za data neno "kidogo" ligeuzwe "kikubwa". Na kwamba bei ibaki kwa Benki Kuu, lakini Benki Kuu ilazimike kuchapisha bei iliyoidhinisha kwa kila kampuni, kwa shilingi ngapi kwa kila 1,000, ili nasi tuweze kufungua ukurasa na kuhesabu.

Barua iwe na tarehe, jina la kikundi, sahihi za wasiopungua watatu, na iandikwe kwa Karani wa Bunge la Kitaifa ikiwa ni mswada, au kwa ofisi iliyotoa tangazo ikiwa ni kanuni. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hivyo usiogope kuandika kwa lugha yako. Chapa nakala mbili. Ukipeleka kwa mkono, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe kabla hujaondoka pale kaunta. Ukituma kwa barua pepe, chapisha jibu la kupokelewa. Nakala hiyo iwekwe na daftari la chama, mahali ambapo mweka hazina atakayenifuata ataikuta.